MAONI: Kabla ya kupanda milima na kinga, waulize watu wa chukudu

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, maneno ya kinga yameongezeka katika mji wa Goma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika kuyapokea. Wengi wetu tuliyafuata kwenye simu. Tulimwona Tadej Pogačar wa Slovenia akishinda mbio za wanaume, zaidi ya kilomita 260 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda ukijumlisha vilima vyote, huku mabingwa wengi wakiacha njiani. Wengi wakajiuliza: kama milima hii imewashinda hao, sisi tunaoishi ndani yake tuna nguvu gani?

Hapa Himbi, asubuhi ya siku ya Mungu, vikundi vya vijana wenye VTT vinaonekana vikitoka kando ya ziwa na kuelekea Keshero na Mugunga. Wengine wanaongea juu ya safari ndefu: siku 4, siku 5, wiki nzima milimani, mbali na lami. Ni ndoto nzuri. Lakini ukisikiliza mazungumzo yao ya maandalizi, karibu yote yanaanza dukani. Wanabishana kuhusu aina ya kinga, bei ya kofia, mfuko wa kufunga kwenye usukani na saa inayopima mapigo ya moyo.

Maoni yangu ni kwamba wanaanzia mwisho. Katika mji huu tunao watu wanaopanda na kushuka milima kila siku na mzigo unaoweza kuvunja mgongo wa kinga yoyote ya dukani. Kabla ya kuweka dola mezani, mtu anayetaka kusafiri milimani angepaswa kwenda kwao na kuwauliza maswali mawili: tunapitaje, na je, njia inapitika? Swali la pili ndilo zito zaidi, na ndilo linalotuhusu sisi wote, hata asiyejua kuendesha kinga.

Milima ni ileile, njia ni mbili

Msafiri wa kinga anayetoka Himbi ana pande mbili za kutazama.

Upande wa mashariki, akivuka mpaka na kuingia Gisenyi, anakuta mwanzo wa njia inayojulikana duniani, Congo Nile Trail. Ni kilomita 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi, karibu na Bukavu, kwa kufuata vilima vya kando ya ziwa Kivu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Sehemu kubwa ni udongo na mawe. Anayetembea kwa mguu huhesabiwa siku 10, na mwenye kinga siku 5. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuipita.

Jina lenyewe la njia hiyo linatuhusu. Mgongo ule wa milima ndio unaogawa maji. Mvua ikianguka upande wake wa mashariki, inakwenda katika Nile mpaka bahari ya Mediterania. Ikianguka upande wa magharibi, inashuka katika ziwa Kivu, inafuata Ruzizi mpaka Tanganyika, halafu Lukuga na Lualaba, na mwisho inaingia Atlantiki ikiwa ndani ya mto Congo. Mgeni anayelipa ndege kuja kuona milima hiyo anatazama pia maji yetu, na ng'ambo ya ziwa anaiona nchi yetu.

Upande wa magharibi kuna barabara yetu. Kutoka Himbi unapita Keshero na Mugunga mpaka Sake, kama kilomita 25. Pale Sake njia zinagawanyika. Moja inapanda milima ya Masisi, kwenye majani ya ng'ombe na mashamba ya maharagi. Nyingine inashuka kusini kupitia Minova na Kalehe mpaka Bukavu. Kutoka Goma mpaka Bukavu kwa barabara hiyo ni kama kilomita 200. Mtu mwenye macho hawezi kusema kwamba Rwanda ina milima mizuri kuliko Masisi. Ziwa ni lilelile, mvua ni ileile, na udongo wa kupandia maharagi haupishani sana.

Lakini kijana wa Himbi anayetaka kulala usiku nne milimani na kinga yake leo ataelekezwa na kila mtu mwenye akili upande wa mashariki. Tutarudi kwenye jambo hilo. Kwanza tuongee maandalizi.

Mambo matano ya kujifunza kwa watu wa chukudu

Chukudu hauhitaji kuelezewa kwa mtu wa Goma. Umesimamishwa kama sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, na unapita kila asubuhi na viazi, makabichi, makala, mbao na bitoke. Ni mbao, magurudumu mawili yaliyofungwa mpira wa tairi kuukuu, na mtu aliyeweka goti moja juu ya ubao. Unabeba mamia ya kilo. Sisi tumeuzoea mpaka hatuuoni tena, na hapo tunapoteza shule ya bure.

Somo la kwanza ni mzigo. Mtu wa chukudu anajua uzito wa kila kitu anachobeba, kwa sababu kila kilo ina bei yake sokoni na ina jasho lake mlimani. Msafiri wa kinga hubeba bila kuhesabu: nguo za kubadili kila siku, viatu vya pili, kompyuta, chupa za manukato. Kwa safari ya siku 5, kilo 10 hadi 12 za mizigo zinatosha, maji na chakula vikiwemo. Nguo mbili za kuendeshea, moja ya kulalia, koti la mvua, sweta moja. Panga vitu vyako sakafuni usiku mmoja kabla ya safari, halafu toa theluthi moja.

La pili ni mahali pa kufunga mzigo. Angalia chukudu uliopakiwa vizuri: uzito uko chini na katikati, na umefungwa kwa kamba za mpira wa tairi zisizoachia hata ukipita juu ya mawe ya volkano. Wenye kinga hufanya kinyume, wanaweka begi kubwa mgongoni. Kwenye kupanda, begi hilo linakata mabega. Kwenye kushuka, linakusukuma mbele. Weka vitu vizito karibu na fremu, chini, na ufunge mara mbili. Vipande vya mpira wa ndani uliochakaa, ambavyo fundi wa kartie atakupa kwa makuta kidogo, vinashinda kamba nyingi za dukani.

La tatu ni freni. Wengi wanaogopa kupanda, lakini kinachoumiza watu ni kushuka. Mtu wa chukudu anayetoka Kibumba na mzigo anashuka akiwa na mguu wake, kipande cha mpira na akili yake. Haachi mzigo uchukue mwendo halafu ndipo aanze kuuzuia. Anauzuia tangu juu. Mwenye kinga afanye vilevile. Anunue plaketi mpya za freni kabla ya safari na abebe jozi nyingine, kwa sababu matope yaliyochanganyika na mchanga wa volkano yanazila haraka kuliko unavyofikiri. Akishuka, abonyeze na kuachia, abonyeze na kuachia, asishikilie tu mpaka chuma kipate moto.

La nne ni kutengeneza kwa kilichopo. Chukudu ukivunjika njiani, mwenyewe anautengeneza kwa panga, msumari na kipande cha mti. Kinga ya kisasa ina vitu visivyopatikana Rutsiro wala Mushaki. Kwa hiyo abebe mwenyewe: mipira miwili ya ndani, solisio na vibandiko, pampu, kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo cha akiba, spoki mbili au tatu, na kile kichuma kidogo kinachoshika derayeri. Kichuma hicho hakifanani kwa kinga zote, na kikivunjika safari imekwisha. Lakini kubeba vifaa bila kujua kuvitumia ni kuongeza uzito tu. Kaa siku mbili kwa fundi wa kinga wa kartie, umlipe, na umwambie akufundishe kuziba tundu, kukaza spoki na kuunga mnyororo. Fundi huyo ni mwalimu mzuri kuliko video.

La tano ni kutoona haya kushuka na kusukuma. Kwenye mpando mkali watu wa chukudu wanasaidiana: wawili au watatu wanasukuma mmoja mpaka juu, halafu wanarudi kuchukua mwingine. Hakuna anayejiona mdogo. Mwenye VTT akisukuma kinga yake anatazama chini kama mtu aliyeshindwa. Ndugu yangu, mlimani kusukuma ni sehemu ya safari. Mwenye kukataa kushuka saa 3 asubuhi ndiye anayelala njiani saa 10 jioni.

Mwili, chakula na hewa

Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na uso wa ziwa kwenye 1,460. Hilo ni jambo zuri kwa wakaaji wake: mapafu yetu yamezoea hewa ambayo mgeni wa pwani inamsumbua. Lakini kuzoea hewa si kuwa na miguu. Kwa anayeanza, ningesema wiki 10. Wiki nne za kwanza ni safari fupi mara tatu kwa wiki, bila mzigo. Halafu aanze kupanda. Barabara ya kwenda Kibati, mahali wanapoanzia watu wanaopanda Nyiragongo, ni shule tosha: kama kilomita 15 kutoka mjini, na unakaribia mita 2,000. Ukiweza kupanda pale na mzigo wote wa safari, ukashuka, na kesho yake ukarudia bila magoti kukulilia, uko tayari. Jaribio la siku mbili mfululizo ni muhimu kuliko siku moja ya kishujaa, kwa sababu safari ndefu inamshinda mtu siku ya tatu, si ya kwanza.

Gia nazo zichaguliwe kwa ajili ya mlima. Gurudumu la meno la mbele liwe dogo, la nyuma kubwa, ili miguu izunguke bila kulazimisha magoti. Tairi ziwe pana, inchi 2 au zaidi, na zisijazwe upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe. Mawe ya Nyiragongo, yale ya mwaka 2002 na ya 2021 tunayokanyaga bado, yanachana mpira mwembamba kama kisu.

Wakati wa kwenda ni Juni mpaka Agosti, au ule ukavu mfupi wa Januari na Februari. Kuanzia katikati ya Septemba mpaka Desemba, na tena Machi mpaka Mei, udongo wa milimani unageuka sabuni. Unajaza magurudumu mpaka yanakataa kuzunguka, na kilomita 40 zinakuwa kazi ya siku nzima. Hata katika ukavu, beba koti: kila mita 1,000 unazopanda, baridi inaongezeka kwa digrii 6 hivi, na mtu aliyelowa jasho anatetemeka haraka.

Chakula kisitafutwe mbali. Jibini la Masisi linavumilia siku nyingi ndani ya begi na lina chumvi na mafuta ambayo mwili unayataka. Ongeza karanga, ndizi, viazi vilivyochemshwa, mkate. Jioni kula bugali na maharagi mpaka ushibe, na sambaza zikipatikana. Kula kabla ya kusikia njaa. Maji ni hatari ya kweli katika eneo ambalo kipindupindu hakijatuacha: yachemshe, au uweke dawa ya kusafishia. Ukianza kuhara au kuishiwa nguvu, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe polepole. Vitu hivyo viko katika kila kioski.

Kuna jambo moja ambalo kitabu cha mgeni hakitamwambia, na mtoto wa Himbi analijua tangu utotoni: mazuku. Kati ya magharibi ya mji na Sake, katika mabonde madogo ya mawe ya volkano, hutoka gesi ya kaboni isiyoonekana. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Imeua wanyama na imeua watu. Msafiri anayetafuta mahali pa kutandika hema huona shimo limejikinga na upepo, akadhani ni pazuri. Asilale hapo. Alale juu, au bora zaidi aombe nafasi kwa mkaaji wa pale, ambaye anajua kila shimo la kijiji chake.

Kwa anayevuka mpaka, abebe kitambulisho chake, aitangaze kinga kwa watu wa duane wakati wa kutoka ili asiulizwe maswali wakati wa kurudi, na achunguze siku hiyohiyo saa za kufungua na kufunga. Abebe noti ndogondogo. Awaachie watu wa nyumbani ratiba, na waambiane saa ya kupigiana simu kila jioni.

Maandalizi ambayo hayafungwi ndani ya begi

Sasa turudi kwenye swali la pili: je, njia inapitika?

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Kamba, mti uliolazwa, mtu mwenye silaha, au mtu mwenye kitabu cha risiti. Anayelipa zaidi pale si mtalii. Ni mama mwenye kikapu cha maharagi na kijana mwenye kinga iliyobeba makala. Kila kizuizi kinakula kipande cha faida yake, na mwisho kinaingia katika bei tunayolipa Himbi tukinunua viazi.

Tangu wakati huo hali haijatulia. Barabara ya Sake, ambayo vijana wetu wanaipenda kwa mazoezi, ndiyo waliyoipita watu wa Masisi mwaka 2024 wakikimbia vita, wengine wakisukuma kinga na chukudu zenye magodoro, masufuria na watoto. Njia ya Minova ilipokatwa na mapigano, watu na bidhaa walihamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, hatua chache kutoka hapa, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingojea. Waliokufa walikuwa wengi. Hawakuchagua ziwa kwa kupenda; barabara ilikuwa imewakatalia. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na milima ya Masisi, Walikale na Kalehe imeendelea kusikia risasi.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kila anayepanga safari upande wetu: kipimo chako kisiwe ramani ya simu, wala rafiki aliyepita mwaka jana. Kipimo kiwe mtu wa chukudu. Kama yeye anapita asubuhi na kurudi jioni bila kuficha makuta ndani ya kiatu, njia inapitika. Kama ameacha kuja, au anakuja kwa kuzunguka porini, wewe mwenye kinga ya dola 500 usijidanganye. Habari ya njia huharibika kama maziwa. Ya juzi si ya leo. Kutokwenda nako ni kujiandaa vizuri.

Wapo watakaosema: watu wanakufa, watu wamekimbia, na wewe unaandika juu ya matembezi ya kinga? Naelewa hasira hiyo. Lakini jibu langu ni kwamba kinga si mchezo wa matajiri katika nchi hii. Ni gari la mkulima, ni ambulansi ya kijiji kisicho na barabara, ni karo ya shule ya watoto. Njia inayomfaa msafiri wa mlimani ndiyo njia inayomfaa mama mwenye viazi. Ukiuliza kwa nini kijana wa Himbi hawezi kwenda Bukavu kwa kinga kwa siku 5, umeuliza pia kwa nini kilo ya maharagi imepanda bei, na kwa nini watu walijazana katika mashua ile.

Wapo pia wanaosema kinyume: tufanye tu mashindano, tualike wageni, makuta yatakuja. Wanatoa mfano wa Rwanda. Mfano ni mzuri, lakini tuutazame mpaka mwisho. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa kinga za milimani, alisaidia kuanzisha huko mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic. Ndiyo, kinga za mbao, ndugu za chukudu wetu, zilikimbia pamoja na kinga za chuma. Mwaka uliofuata timu ya taifa ilianza kufundishwa na Jonathan Boyer. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London na kushindana katika mbio za kinga za milimani. Miaka 13 baadaye dunia nzima ilikuja Kigali. Mwanzo wa yote hayo haukuwa hoteli. Walianza kwa kuona thamani ya kinga ya mbao na ya kijana aliyebeba kahawa, juu ya barabara ambazo mtu anazipita bila kuogopa. Sisi tuna mbao na vijana. Tunachokosa ni barabara hiyo.

Tunachoweza kudai na kufanya

Kwa vikundi vya kinga vya Himbi, Katindo na Keshero: kabla ya safari yenu ijayo, alikeni watu wa chukudu wawili au watatu. Msiwaalike kwa ajili ya picha. Walipeni kazi ya siku yao, kwa sababu siku waliyokaa na ninyi ni siku ambayo hawakuuza kitu, halafu waulizeni juu ya freni, mzigo na njia. Tumieni mafundi wa kartie. Wapokeeni pia wasichana. Milima hii inapandwa na mama zetu kila siku na mizigo mizito kuliko yetu, na ni ajabu kwamba kwenye kinga tunawaona wachache.

Kwa wenye mahoteli ya kando ya ziwa: mkimpokea mgeni anayesafiri kwa kinga, mpeni habari za kweli za usalama, hata kama zitawapotezea usiku mmoja wa malipo.

Kwa wanaoshika mamlaka, leo na kesho: barabara zinapotengenezwa, acheni nafasi pembeni kwa ajili ya kinga, chukudu na waenda kwa mguu. Leo lori, motari na mwenye viazi wanagombania kipande kimoja cha lami, na wa mwisho ndiye anayetupwa kwenye mtaro. Ondoeni vizuizi juu ya wanaobeba chakula. Hakuna kazi ya serikali inayofanywa na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili.

Na kwa kijana anayeangalia milima ya Masisi kutoka Himbi akitamani: fanya mazoezi, jifunze kuziba tundu, punguza mzigo. Kama una haraka, vuka mpaka uende na zile kilomita 227. Hakuna aibu, na utarudi na miguu migumu na macho yaliyoona jinsi njia inavyotunzwa. Lakini ukirudi, usinyamaze. Wewe unaweza kungoja mwaka mwingine. Mtu wa chukudu ana soko kesho asubuhi.